Mafundisho ya Ndoa Usharikani, Morogoro: Nendeni Kabla ya Kulipia Ukumbi

Wachumba wengi huenda mafundisho ya ndoa kwa sababu bila hayo mchungaji hafungishi. Wanakaa, wanasaini, wanapewa barua yao, wanarudi kwenye kamati ya harusi kuuliza michango imefika wapi. Naandika kwa ajili ya wanaojiandaa sasa hivi, hasa hapa Morogoro. Darasa la usharika wetu wa Kilutheri limenieleza upendo wa Kikristo kuliko mahubiri yote niliyosikia tangu kipaimara, kwa sababu liliutoa kwenye kadi ya mwaliko likauingiza kwenye nyumba ya kupanga yenye kodi, shemeji na mgonjwa.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Kihonda. Mchumba wangu ni dereva wa lori, njia yake Dar hadi Tunduma. Jina la usharika nimeliacha makusudi, maana wachumba tuliosoma nao walisema mambo yao mazito mle ndani na sitaki mtu aanze kuwahesabu ni akina nani. Sharika nyingi zina darasa la namna hii, kwa hiyo ulizeni kwenu.

Niseme kwanza mambo ya kawaida. Darasa ni Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, viti vya plastiki na ubao wa chaki. Ada hakuna. Mnakuja na daftari na Biblia, mnachanga kidogo kwa ajili ya chai na maandazi. Walimu ni mchungaji, mama mchungaji, muuguzi mmoja wa hapa mjini, na mzee wa kanisa ambaye kabla ya kustaafu alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Mchumba wangu alikosa baadhi ya Jumamosi kwa sababu mzigo haungoji. Hawakumfukuza, wala hawakumpitisha bure. Mzee alimwita barazani kwake siku za katikati ya wiki akarudia naye somo zima, na akamdai kazi ya daftari kama sisi wengine. Kwa huduma isiyolipiwa, huo ni uangalizi ambao sijauona hata mahali tunapolipa.

Nalisema hilo kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimelipia semina ya wachumba kwenye ukumbi wa hoteli. Jina lake sitalitaja. Muziki ulikuwa mzuri na msemaji alikuwa mchangamfu, lakini tangu mwanzo hadi mwisho alizungumzia jinsi ya kumfanya mwenzako asikuchoke: zawadi, manukato, ujumbe wa asubuhi. Sina ugomvi na manukato. Ila nilitoka pale nikiwa na orodha ya kumvutia mtu, na sikuwa na jibu la nitamfanyia nini huyo mtu siku ambayo hanivutii wala mimi simvutii. Mtu aliyebatizwa anapaswa kulipata jibu hilo kanisani, na mimi nililipata kwenye somo la kwanza.

Mchungaji alifungua 1 Wakorintho 13. Kila mmoja wetu alikuwa anaijua. Mimi mwenyewe nimeshona sare za kwaya ngapi ambazo zimeimbiwa maneno hayo kwenye harusi. Akasema, fungeni hiyo sura, fungueni ya 11. Akatuambia tusome kwa sauti mstari wa 21: "kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake mwenyewe, hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Ndivyo lilivyokuwa kanisa lililopelekewa yale maneno matamu. Watu wa nafasi walifika mapema wakala wakashiba, watumwa na vibarua walifika jioni baada ya kazi wakakuta sahani tupu, halafu wote wakaiita Chakula cha Bwana.

Akatuchorea Korintho ubaoni. Mji umekaa kwenye shingo nyembamba ya nchi, una bandari pande mbili, na ile ya mashariki ni Kenkrea, ambayo Paulo anaitaja kwenye Waraka kwa Warumi. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, na Julius Caesar akaagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo. Kwa hiyo Paulo alipofika, karibu miaka mia moja baadaye, alikuta mji wa wahamiaji na wafanyabiashara, kila mtu anatafuta kupanda ngazi. Alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita. Akaondoka, akiwa Efeso akaletewa habari na watu wa nyumbani mwa Kloe kwamba wanagombana. Wanashindana ni nani alibatizwa na nani, wanapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu, na wanaonena kwa lugha wanawadharau wasionena. Kwa watu hao ndipo akaandika kwamba upendo huvumilia, hufadhili, hauhusudu, hautakabari, haujivuni, hautafuti mambo yake.

"Kila neno humo," mchungaji akasema, "lina mtu wake pale Korintho aliyekuwa anafanya kinyume chake."

Tangu siku hiyo siwezi kuisoma sura ile kama shairi la maharusi. Paulo hakuwaandikia watu waliokuwa wanapendana. Aliwaandikia watu waliochokana, wakiwa bado wamefungwa pamoja na jina la Kristo, akawaambia wafanyeje kesho wakikutana mezani. Sasa mtu akiniuliza upendo wa kweli kwa Mkristo ni upi, namwelekeza kwenye meza ile: unamsubiri aliyechelewa kutoka kazini, na sahani yake anaikuta imejaa. Mstari wa 33 wa sura ile ya 11 unasema hivyo hivyo, mkutanikapo mpate kula, mngojane.

Tukapewa kazi ya wiki. Nilidhani tutaandika jinsi tutakavyowapenda wachumba wetu. Hapana. Tuliambiwa tumchague mtu mmoja ambaye hatuelewani naye, asiwe mchumba, na kwa maneno matatu ya sura ya 13 tuandike tendo moja moja, tulitende kabla ya Jumamosi ijayo. Mimi nilimwandika fundi mwenzangu wa jirani. Tumegombania wateja muda mrefu. Alishawahi kumwambia mteja wangu kwamba nachelewesha nguo, naye mteja akahamia kwake. Kwenye "hufadhili" niliandika kwamba nitamshonea pindo kwenye ovaloki yangu, maana ya kwake ilikuwa mbovu na alikuwa na sare za shule za kukabidhi. Aliniangalia kwa mashaka kwanza. Halafu akaleta furushi, tukakaa mpaka saa tatu usiku, yeye anakata nyuzi, mimi nakanyaga. Hatujawa marafiki wa kupikiana. Ila tunasalimiana kwa jina, na mteja akija kuniuliza habari zake nasema ukweli kwamba ni fundi mzuri, kwa sababu ni kweli.

Hapo darasani mtu mmoja aliuliza swali ambalo wafanyabiashara wote tulilihitaji. Kama upendo hauhesabu mabaya, je, nisidai madeni yangu? Mama mchungaji akajibu kwamba deni lina tarehe na kiasi, na kumdai mtu kwa adabu ni kumheshimu kama mtu mzima aliyeahidi. Mabaya yasiyohesabiwa ni yale unayoyaweka akiba ili siku ya ugomvi uyamwage yote. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la madeni pale kwenye banda langu.

Somo la Msamaria mwema lilikuwa la mama mchungaji, na mchumba wangu alikuwepo. Huyu bwana si mwongeaji. Lakini mama aliposimulia ile njia ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, mtu ameangukia kwa wanyang'anyi, kuhani anapita, Mlawi anapita, yeye aliinua mkono. Akasema madereva wote wanajua kwa nini wale walipita. Usiku barabarani ukiona mtu amelala, unajiuliza kama ni majeruhi au ni mtego, na wenzake wamejificha kwenye majani. Darasa likanyamaza. Mama mchungaji hakumkemea. Alimwambia hofu hiyo hata Msamaria alikuwa nayo, njia ni ile ile na wanyang'anyi ni wale wale, tena yeye alikuwa mgeni anayechukiwa. Kisha akamwomba asome polepole alichofanya yule mtu, jambo moja moja. Alifunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake maana yake yeye akatembea kwa miguu, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili.

"Dinari moja ni mshahara wa kibarua wa siku," mama akasema, "mnaiona kwenye Mathayo 20. Alitoa siku zake mbili. Halafu akafanya nini?"

Mchumba wangu akajibu, "Akaendelea na safari."

"Akaendelea na safari. Na akasema akirudi atalipa kilichozidi."

Naweza kusema hilo ndilo lililomfungua. Siku zote alikuwa anajiona mchumba pungufu kwa sababu ya kazi yake, na ndugu zangu walikuwa wanamwambia hivyo waziwazi: mwanamume wa barabarani atampendaje mke? Pale alimwona msafiri mwenzake, mwenye shughuli zake, ambaye Yesu amemweka kuwa mfano wa upendo kwa jirani. Msamaria hakuacha kazi. Alifanya lililo mbele ya mikono yake mpaka likaisha, akamkabidhi mgonjwa kwa mtu anayeweza, akalipa mapema, akaahidi kurudi. Wiki hiyo mchumba wangu aliniletea karatasi aliyoiandika mwenyewe: nani nimpigie akiwa Tunduma na mimi nimeugua, pesa ya dharura iko kwenye laini ipi, na siku zipi atapiga simu hata kama hana jipya la kusema. Hakuna zawadi aliyowahi kunipa iliyoishinda karatasi ile.

Sasa nifike kwenye somo ambalo kwa maoni yangu kila usharika ungepaswa kulifundisha, hata kama hautafundisha lingine.

Binti mmoja wa darasani, mpole, ambaye hakuwa amesema lolote mpaka siku hiyo, aliuliza: imeandikwa upendo huvumilia yote, hustahimili yote, mume akinipiga, nivumilie? Naomba mnielewe kwamba swali hili huulizwa makanisani kila siku na hujibiwa vibaya. Wanawake wangapi wamerudishwa nyumbani na uvimbe usoni wakiambiwa wakaombe zaidi. Nilikaa nikisubiri kuona darasa hili litajibu nini, na kama lingejibu kama wengine ningefunga daftari langu.

Mzee hakimu alisimama. Alimwomba mchungaji asome mstari wa 6 wa 1 Wakorintho 13, ule unaotangulia "huvumilia yote". Unasema upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Akasema anayewaambia watu wavumilie kipigo ameuruka mstari huo ili aufikie ule anaoupenda. Kisha akatoa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kijitabu chake mwenyewe kilichochakaa pembe, akasoma kifungu cha 66: hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi wote tuliokuwa wanafunzi mle ndani. Akasema katika miaka yake ya mahakamani waliomuumiza zaidi walikuwa wanaume wakristo walioleta Waefeso 5 kama utetezi. Akatusomesha tangu mstari wa 21, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", hadi wa 25, ambapo mume anaambiwa ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake.

"Kristo alipigwa," mzee akasema. "Hakupiga Kanisa lake. Mwanamume anayepiga amemwacha Kristo upande wa pili."

Aliendelea na mambo ya mali. Alieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1983, ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali inayochumwa kwenye ndoa. Kijana mmoja aligeuka akamtazama mchumba wake kama mtu aliyeonyeshwa mlango asioujua kwenye nyumba yake mwenyewe. Mzee akasema sheria imeyaona yale ambayo upendo ulipaswa kuyaona kabla yake: ni nani aliyeamka alfajiri, ni nani aliyechota maji. Mimi nimefurahi sana kwamba kanisa lilimpa mtu wa sheria nafasi mbele ya vijana. Huruma ya Mungu haipungui kwa sababu kifungu cha sheria kimesomwa.

Yule binti alibaki na mama mchungaji baada ya kipindi. Zaidi ya hapo si langu kusimulia, ila niseme wachumba wale waliahirisha, na hakuna mtu usharikani aliyewasema vibaya. Walikuwa hawajatoa pesa ya ukumbi. Ndiyo sababu ya kichwa cha tathmini hii: watu wakishalipa mapambo na mpishi, hata wanapoona hatari wanaogopa hasara na aibu, wanaendelea. Sheria yenyewe inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na kanisani yanasomwa matangazo, lakini siku hizo ni chache mno kwa mtu aliyekwisha kugawa kadi.

Muuguzi alitufundisha vipimo. VVU tulivitegemea. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wengi hatukuitegemea, ingawa nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Alieleza kwa utulivu kwamba mtu anaweza kubeba chembe ya ugonjwa bila kuumwa hata siku moja, na wawili wa namna hiyo wakioana, kila ujauzito una uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa. Nilichokipenda ni utaratibu wake. Majibu hayapelekwi kwa mchungaji. Mnayafungua wenyewe, wawili, mahali penu. Sisi tulifungua ndani ya banda langu, mlango umefungwa nusu, taa ya cherehani imewashwa. Mimi nina ile chembe, yeye hana. Kabla hatujajua ya kwake, aliniambia kwamba lolote litakaloonekana tutalijua wote wawili na tutaamua kwa kweli. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, yaani alitujua vyote ndipo akatupenda. Kule kujuana kwenye karatasi ya maabara kulinipa picha ndogo ya jambo hilo.

Mapungufu yapo. Somo la fedha lilikwisha haraka mno. Tuliambiwa tuandike bajeti ya mwaka wa kwanza pembeni ya bajeti ya harusi, na hilo lilikuwa zoezi zuri, lakini habari za mikopo ya vikoba, kutuma pesa kwa wazazi, na mtu anayeficha deni hazikuguswa ipasavyo. Kwa watu wa kipato chetu, huko ndiko upendo hujaribiwa kila mwisho wa mwezi. Nakala za masomo zilikuwa zimefifia, nyingine hazisomeki. Na wageni kutoka madhehebu mengine wangefaidika kama mtu angewaeleza mapema barua gani walete, maana wenzetu wawili walirudishwa nyumbani siku ya kwanza kwa ajili ya cheti cha ubatizo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba hawakusema lolote kuhusu ndoa isiyopata mtoto. Kwetu hili huvunja nyumba kuliko umaskini. Ndugu wa mume huanza kwa utani, baada ya muda wanaleta msichana mwingine, na kanisa linaombea tumbo bila kumtetea mwanamke wala kumpeleka mwanamume kupimwa. Biblia ina Elkana akimwuliza mkewe Hana kama yeye mumewe si bora kwake kuliko watoto kumi. Ina Zakaria na Elisabeti, wazee, watu wa haki mbele za Mungu kabla hawajapata mtoto. Hayo yalipaswa kufundishwa kwa kirefu, wachumba wakiwa bado hawajaulizwa "vipi, bado?"

Nilimwandikia mchungaji barua kuhusu jambo hilo. Alijibu kwamba kundi lijalo litakuwa na kipindi kizima juu yake, atakifundisha yeye pamoja na yule muuguzi, na wazazi wa pande zote mbili wataalikwa wakae na watoto wao. Majina ya kundi hilo yanaandikwa kwa katibu wa usharika, ofisini, siku za kazi asubuhi. Nendeni wawili.